Siku Waliyonunua Kimya Koboko

Saa nane na dakika ishirini mchana, Jumapili moja ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilibonyeza kitufe cha kuchezesha kanda mbele ya watu wote wa kanisa moja dogo la Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, nikaondoa kidole na kusubiri. Spika mbili za kuazima, zilizounganishwa na betri ya gari, zilitoa mkwaruzo mfupi, kisha ngoma ikaingia. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kilichokuwa hatarini kilikuwa kinanda, na kila mtu aliyeketi pale alijua. Kanisa lilikuwa na kuta za matofali na paa la nyasi lililooza. Mbao za paa jipya zilikwisha kupigiliwa. Yalikuwa yanahitajika mabati thelathini. Bei ya bati moja Arua wakati huo ilikuwa shilingi elfu nane, na kamati ya ujenzi ilikuwa imechanga mpaka watu wakaanza kukwepa njia inayopita kanisani. Kitu pekee cha thamani ndani ya jengo lile kilikuwa kinanda cha umeme, zawadi ya wageni waliopita wakielekea Sudan wakakiacha. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amepata mnunuzi: mwenye baa mmoja wa Arua, aliyekuwa tayari kulipa laki mbili na nusu.

Mwenyekiti huyo alikuwa sajini wa zamani. Kama wengi wa Koboko wa umri wake, mwaka wa sabini na tisa, serikali aliyoitumikia ilipoanguka, alivua sare akavuka mpaka na familia yake, akakaa ng'ambo miaka kadhaa akilima mihogo, kisha akarudi na kuwa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelala chini ya turubai miaka mingi kiasi kwamba neno "paa" kwake halikuwa mzaha. Alipowaambia vijana wa kwaya kwamba kinanda kitauzwa, alisema kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mungu nasikia wimbo bila umeme. Lakini mvua hapana sikia maombi."

Kiongozi wa kwaya, dada mmoja mkimbizi kutoka upande wa Yei, Sudan, aliomba jambo moja. Wapewe nafasi ya kurekodi kanda na kuizindua kwa mnada. Fedha za uzinduzi zikitosha mabati, kinanda kibaki. Zisipotosha, kiuzwe, naye mwenyewe atakifunga kwenye shuka. Mzee alikubali mbele ya mchungaji, na kwa sababu alikuwa mwanajeshi, makubaliano yale aliyachukua kama amri.

Ndivyo dada yule alivyofika kwangu. Nilikuwa na chumba Oli, upande wa Arua unaoteremka mtoni, ambamo nilitengeneza redio na kurekodi kwaya. Kazi hiyo sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kufungua redio iliyokufa tulipokuwa ukimbizini Zaire, nikaendelea kwa vitabu vichakavu nilivyonunua kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, nikisoma ukurasa mmoja mara nyingi kama ilivyohitajika. Kufikia wakati huo nilikuwa nimerekodi kwaya nyingi, na karibu zote zilifanana: nyimbo kumi, kila moja ikisimama peke yake, na sauti ya mchungaji mwanzoni akisalimia.

Alishuka kwenye lori la tumbaku akiwa amekumbatia kinanda ndani ya shuka, na nyuma yake vijana wanne na adungu mbili, vile vinubi vyetu vya nyuzi, moja kubwa kama mtumbwi. Kwa kazi yake ya kila siku alikuwa mshonaji nguo sokoni Koboko. Alikaa kwenye kigoda akaniambia anataka kurekodi nyimbo nane ambazo ni hadithi moja.

"Hadithi ya Biblia?" nikamuuliza.

"Hapana, fundi. Ya miaka mia kutoka sasa."

Nikamwomba anieleze kwa utaratibu, naye akaeleza. Katika Koboko ya miaka mia ijayo, barabara zinawaka zenyewe usiku na kila mtu amewekewa kijimashine sikioni. Kijimashine kinamwambia lini aamke, amsalimie nani, anunue nini, apite njia gani kurudi nyumbani. Hakuna anayeomba, kwa sababu mashine inajibu haraka kuliko Mungu. Mpaka wa Sudan haupo tena. Ule mti wa kizuizi barabarani watu wanaanikia nguo. Halafu siku moja mashine ya msichana mmoja mfagiaji inazima. Anasikia kimya kwa mara ya kwanza maishani, na ndani ya kimya anasikia anaitwa. Anaanza kutembea akiwatafuta wengine wanaosikia. Anakamatwa na kupelekwa kwenye jumba kubwa awekewe mashine mpya.

"Na kisha?"

"Kisha ni wimbo wa nane," akasema, akacheka.

Aliitunga yote kwa Kiswahili. Nilimuuliza sababu, maana kwetu wengi walikiona Kiswahili kuwa lugha ya kambi na soko, si ya madhabahu. Alijibu kwamba kanisani kwao kuna Wakakwa, Walugbara, watu wa Sudan na wachache wa Kongo, na akiimba kwa lugha ya mmoja, wengine wanabaki kupiga makofi tu. Yeye alitaka wasikie maneno.

Muziki wenyewe ulikuwa wa kucheza. Kinanda kilikuwa na vitufe vya midundo, naye hakuona haya kuvitumia, lakini juu ya mdundo ule wa kiwandani adungu kubwa ilitembea kwa mwendo wake, nzito, ikichelewa kidogo, na hapo ndipo mwili ulipoamka. Tulirekodi kwa jioni kadhaa, umeme wa mji ulipowashwa. Sauti ya mashine ndiyo iliyotushinda. Alijaribu kuongea puani, akajaribu kuongea ndani ya kopo. Vijana wakaanguka kwa kicheko. Mwishoni nilifungua kifuniko cha mashine ya kurekodia na kwa bisibisi ndogo nikapunguza mwendo wa mota, akaongea polepole, kisha nikaurudisha mwendo wa kawaida. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya haraka, haina umri wala huruma: "Geuka kulia. Msalimie jirani. Nunua sukari." Vijana hawakucheka tena. Dada mwenyewe aliomba kuisikia mara ya pili akiwa amejishika mabega.

Wiki moja kabla ya uzinduzi, yule mzee mwenyekiti wa kamati alikuja Oli kusikiliza. Alisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Hii ni disko."

"Mzee, ni injili," dada akasema.

"Mimi nilisoma mwenyewe. Hiyo kinanda iko na kitufe imeandikwa disko. Na wewe nafinya hiyo hiyo."

"Kuna kingine kimeandikwa machi, mzee. Ya askari. Hiyo pia niliifinya, wimbo wa saba."

Akavaa kofia yake. Aliondoka, na mimi nilidhani ataenda kumwambia mchungaji avunje mpango. Hakufanya hivyo. Alikuwa ameahidi. Lakini kuahidi kuruhusu uzinduzi hakukumzuia kuupinga uzinduzi kwa njia halali, na njia halali ilikuwepo. Sisi wenyewe tulikuwa tumemwekea, bila kufikiri.

Huku kwetu mnada wa kanisa una mchezo wake. Beseni huwekwa mbele. Wimbo ukianza, mtu yeyote anaweza kutia fedha akasema, "Nanunua kimya," na wimbo unasimama papo hapo. Anayetaka uendelee lazima atie zaidi. Watu hupenda mchezo huu kwa sababu unaruhusu mashemeji kuchokozana na mabosi kuaibishwa kidogo, na beseni linajaa. Kwa nyimbo za kawaida hauna madhara. Wimbo ukikatwa, unakuja mwingine. Hatukuwa tumewaza kwamba hadithi ikikatwa inabaki imekatwa.

Basi saa nane na dakika ishirini nikabonyeza. Dada na vijana wake walikuwa mbele wamevaa mashati aliyowashonea yeye, meupe yenye utepe wa karatasi ya kung'aa begani, ili waonekane ni watu wa wakati ujao. Wimbo wa kwanza, ule wa barabara zinazowaka, ulipita salama. Watoto walicheza. Wa pili ulianza na sauti ya mashine, na kina mama wawili wakajishika vifua. Mzee wa kamati akainuka, akatembea wima mpaka kwenye beseni, akatia noti ya elfu moja.

"Nanunua kimya."

Nikabonyeza kusimamisha. Kimya kikaingia, na watu wakacheka, maana walidhani ni mchezo.

"Ngazi ya juu imesema!" akapaza sauti kijana mmoja muuza baiskeli nyuma. "Mimi elfu moja na mia mbili. Fundi, washa!"

Nikawasha. Mzee akarudi na elfu mbili. Nikazima. Mwalimu wa shule ya msingi akaja na elfu mbili na nusu. Nikawasha. Wimbo wa pili ulichukua karibu nusu saa kumalizika, vipande vipande, na kila kipande kilipokatwa, kilikatwa mahali ambapo mtu alitaka kujua neno linalofuata. Hapo nilianza kuona jambo ambalo sikulitarajia. Wimbo ukikatwa katikati ya mdundo, mcheza ngoma anakasirika kidogo. Hadithi ikikatwa katikati ya sentensi, kanisa zima linasogea mbele kwenye benchi.

Wimbo wa tatu ni ule wa mpaka. Kiitikio chake kinasema kwamba mti wa kizuizi umekuwa kamba ya nguo, na mama anaanika kanga pale ambapo askari aliuliza karatasi. Watu wa Sudan waliokuwa upande wa kushoto walisimama wote. Mzee mmoja wao alianza kucheka, akaendelea kucheka mpaka akafuta macho. Nilimtazama sajini. Mkono wake ulikuwa mfukoni tayari, lakini haukutoka. Wimbo ule haukununuliwa kimya na mtu yeyote.

Kwenye wa nne alirejea vitani. Alikuwa ameuza mbuzi wiki ile, na fedha zilikuwa naye. Alikwenda na kurudi mara nyingi, mgongo umenyooka, na kila mara sauti ilijibu kutoka nyuma, kutoka kwa kina mama, kutoka kwa watu wa Kongo waliokuja sokoni na kupitia tu. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya soko, alivumilia mpaka wimbo wa tano, kisha akasimama.

"Baba! Wewe nataka uza kinanda ndio upate mabati?"

"Ndiyo."

"Sasa hii pesa yako ndani ya beseni iko ya kununua nini?"

Alisimama na noti mkononi. Niliona wazo likimfikia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye utambi. Kila alipolipia kimya, alikuwa akinunua bati. Kila bati alilonunua lilikuwa linakiondoa kinanda mikononi mwa mwenye baa. Alikuwa ametumia saa nzima na nusu ya mbuzi kuokoa kitu alichokuja kukiondoa. Kanisa lilicheka hadi mchungaji akafunika uso kwa Biblia.

"Kwani iko mahali ingine nitaweka?" mzee akasema. "Hii ni nyumba ya Mungu." Akaitia ile noti vilevile, akarudi kuketi. "Fundi! Nilinunua. Zima."

Nikazima. Heshima kwake ilikuwa kuuzima wimbo haraka.

Wimbo wa sita ulikuwa wa kutembea, wa saba ulikuwa machi: msichana amekamatwa, anapelekwa kwenye jumba. Kwenye machi ile nilimwona mzee akifuata maneno kwa midomo. Baadaye nilielewa. Wengi mle ndani walikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi, na hadithi waliishika kwa juu juu, jirani akimnong'onezea jirani. Yeye alikuwa amepewa amri kwa Kiswahili miaka kumi na minne. Hakuna neno lililompita. Alikuwa msikilizaji ambaye dada yule alimtungia bila kumjua.

Hata hivyo, sauti nyembamba iliposema, "Lete sikio lako," mzee akainuka mara ya mwisho na kutia noti zote zilizobaki mfukoni. Mweka hazina akahesabu kwa sauti: elfu kumi na nne.

"Nanunua kimya."

Nikazima. Watu wakatazamana. Muuza baiskeli akageuza mifuko yake nje. Mwalimu akatikisa kichwa. Kina mama walikwisha kufungua na kufunga vifundo vyote vya kanga zao. Mchungaji alimwuliza mweka hazina ni kiasi gani, naye akaandika kwa chaki kwenye ubao wa namba za nyimbo: fedha za mabati zilikuwa zimepungua zaidi ya elfu thelathini. Dada alibaki amesimama mbele, utepe wa begani umebanduka upande mmoja. Angeweza kuimba kwa mdomo. Sauti alikuwa nayo. Hakuimba. Kimya kilikuwa kimelipiwa kihalali, naye alikuwa ametoa neno lake. Aliinama, akavuta lile shuka la kufungia kinanda kutoka chini ya benchi, akalikunjua.

Mchungaji alikwisha kusema "Tuombe" pale mlango wa pembeni ulipofunguka. Aliingia muuzaji wa duka la jirani, duka la nguo la Haji mmoja ambalo lilipakana na ukuta wa kanisa. Alivua viatu kwa mazoea, ingawa hakuhitajika, akaja mbele na bahasha.

"Haji nasema samahani, yeye hapana weza ingia. Lakini tangu saa nane sisi hapana uza hata kitambaa. Wateja wote nasimama kwenye ukuta nasikiliza. Hii ni ya Haji na wateja. Elfu ishirini." Akageuka kwangu. "Na Haji nasema, weka spika moja dirishani. Ile pahali ya jumba sisi hapana sikia vizuri."

Kelele zilizofuata sikuweza kuzipima. Lakini mnada ulikuwa bado mnada, na mzee alikuwa na haki ya kujibu. Wote wakamgeukia. Aliingiza mkono mfuko wa shati, ule wa ndani, ambamo mzee huweka fedha ambazo hata mke hazijui, akatoa noti tatu za elfu. Dada alishikilia shuka bila kusogea.

"Mzee," mchungaji akasema, "unanunua kimya?"

"Hapana." Akaja mpaka kwenye meza yangu, akainama karibu na mashine. "Fundi, hii ni ya kurudisha nyuma. Pale mtoto naingia ndani ya jumba, mimi nilikuwa nahesabu pesa. Sikusikia."

Nilihamisha spika dirishani, nikarudisha kanda nyuma mpaka mwanzo wa machi, nikabonyeza.

Katika wimbo wa nane umeme wa mji wote unazima. Sauti zinakufa masikioni. Watu wanasimama barabarani, hawajui nyumbani ni upande gani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuifuata njia kwa kichwa chake. Msichana peke yake anazijua njia, maana amekuwa akitembea bila mashine. Anaimba ili wamfuate kwa sauti, na mmoja mmoja wanaomba kuambiwa jina la mtu aliyesimama kando yao. Kinanda kinanyamaza tangu mstari wa kwanza. Zinabaki adungu mbili, miguu na sauti za watu. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa unapiga makofi.

Kanda ilipoisha mzee alikuwa wa kwanza kusema.

"Wimbo ya mwisho ndiyo tamu kuliko yote."

"Asante, mzee," dada akasema.

"Na haina kinanda. Sasa kwa nini nisiuze?"

Hakuna aliyecheka. Mnunuzi alikuwa bado yupo Arua, na ubaoni hesabu ilikuwa haijakamilika.

"Mzee," dada akajibu, "kama haikulia nyimbo saba, wewe ungejua namna gani kwamba imenyamaza?"

Mzee alimtazama, akakitazama kinanda. Kisha akamwita mweka hazina, akamwambia amwage beseni mezani wahesabu wote wawili, kila mmoja peke yake, halafu walinganishe. Walihesabu. Zilitosha mabati ishirini na manane na chenji. Mawili yalipungua. Kwa makubaliano, kinanda kilikuwa cha kuuzwa, na dada alijua hivyo, hakuomba chochote.

Mzee aliinua macho kwenye nyasi za paa, akatafuta kona kwa makini ya mtu anayepanga kambi.

"Ile pahali ya mawili itabaki wazi mpaka mavuno ingine," akasema. "Na kwaya itakaa hapo chini. Mvua ikinyesha, mutu wa miaka mia mbele hapana ogopa maji." Akamgeukia dada. "Kunja shuka yako, mwanangu."

Niliandika jumla ya beseni kwa penseli kwenye karatasi ya ganda la kanda ile ya kwanza, kabla mweka hazina hajazifunga fedha: shilingi laki mbili, elfu ishirini na sita, na mia nne.